Kuendesha baiskeli PMC kwa ajili ya watoto wenye kansa: maswali mnayouliza kila mwaka

Kila mwaka ukianza tu maswali yanaanza kuingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya sisi Waafrika Mashariki wa Lowell, Worcester na Boston huku Marekani, na mengi ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka yote sehemu moja ili mtu akiuliza atumiwe linki tu. Nimejibu kama ninavyojibu kwa mdomo, msinisahihishe sarufi.

Hii PMC ni kitu gani hasa?

Pan-Mass Challenge. Ni safari ya baiskeli ya wikendi ya kwanza ya Agosti kukatiza jimbo la Massachusetts, unaendesha huku umechangisha hela kwa ajili ya hospitali ya kansa ya Dana-Farber ya Boston. Aliyeianzisha ni Billy Starr, mama yake alifariki kwa kansa ya ngozi mwaka 1974, na 1980 akakusanya watu 36 wakaendesha kutoka Springfield mpaka Provincetown, maili kama 220, wakapata dola 10,200. Siku hizi wanaendesha maelfu ya watu na mwaka 2024 walipeleka dola milioni 75. Ukijumlisha miaka yote ni zaidi ya bilioni moja. Ndio, bilioni, mi mwenyewe nilirudia kusoma.

Hizo hela zinaenda kwa watoto kweli au ni jina tu?

Swali zuri na jibu lake lisipindishwe. Zinaenda Dana-Farber kupitia mfuko wao unaoitwa Jimmy Fund, na Dana-Farber inatibu watoto na watu wazima wote. PMC haiwaambii "hii itumieni kwa watoto tu", wanapewa hela isiyofungwa masharti ili waipeleke panapohitajika, iwe utafiti, iwe wodini. Mi naona hiyo ndo nguvu yake maana wafadhili wengi wanapenda kufadhili kitu kinachoonekana, mashine yenye kibao cha jina, wakati mtafiti mwenye wazo ambalo halijathibitishwa hapati mtu. Lakini kama moyo wako unataka kila senti iende kwa kansa ya watoto peke yake, basi kuna Great Cycle Challenge, nimeieleza chini.

Kingine ni kwamba kila dola anayochangisha muendeshaji inaenda yote asilimia 100. Gharama za kuendesha shughuli zenyewe zinalipwa na wadhamini pamoja na zile ada za kujiandikisha.

Jimmy ni nani?

Hapa nivumilieni kidogo maana hii stori naipenda. Mwaka 1947 na 1948 daktari Sidney Farber pale Boston alikuwa anajaribu dawa inaitwa aminopterini kwa watoto wenye lukemia, yani saratani ya damu, ugonjwa ambao wakati huo mtoto akiupata ilikuwa ni kuhesabu wiki tu. Kati ya watoto 16 aliowatibu 10 walipata nafuu. Ilikuwa ya muda, ugonjwa ulirudi, ila hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Ndugu ya ile dawa, methotreksati, mpaka leo watoto wanapewa.

Sasa Farber alihitaji hela. Mei 1948 wakarusha kipindi cha redio moja kwa moja kutoka chumba cha mgonjwa wake wa miaka 12, wachezaji wa besiboli wa Boston Braves wakawa wanaingia mmoja mmoja kumsalimia mtoto, na wasikilizaji wakaambiwa wachangie ili apate televisheni ya kuangalia timu yake. Wakamuita Jimmy ili kuficha jina lake. Zikaja zaidi ya dola 200,000. Jina lake la kweli lilikuwa Einar Gustafson, mtoto wa mkulima kutoka Maine, na watu wengi walidhani alishakufa zamani kumbe mwenzetu alikuwa mzima anaendesha malori, akajitokeza mwaka 1998, ameishi mpaka 2001.

Hivi watoto nao wanapata kansa? Si ugonjwa wa wazee?

Wanapata. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kama watoto na vijana 400,000 wa mpaka miaka 19 kila mwaka duniani. Nyingi ni lukemia, uvimbe wa ubongo, limfoma (kansa ya tezi), ya figo, ya jicho. Kwa watoto mara nyingi hakuna kitu mzazi alifanya au hakufanya, sio chakula, sio laana, wala sio jirani. Nimeiandika hii makusudi kwa sababu naijua midomo yetu, mtoto anaumwa na mama anaanza kuulizwa alikosana na nani.

Na ukipiga picha ya mtoto kwa flashi ukaona jicho moja linang'aa jeupe badala ya jekundu, mpeleke hospitali, usisubiri. Inaweza isiwe kitu lakini inaweza kuwa kansa ya jicho, na ikiwahiwa inatibika vizuri tu.

Njia ni zipi na ni mbali kiasi gani?

Zipo nyingi, unachagua. Wale wenye mapafu wanaanza Sturbridge, Jumamosi maili kama 109 (kilomita 175) mpaka Bourne, na sehemu ya mwanzo ni vilima tupu. Ukianzia Wellesley ni maili 80 na ushee na pametulia zaidi. Usiku wanalala Bourne kwenye chuo cha mabaharia kando ya mfereji wa Cape Cod, Jumapili alfajiri wanapanda daraja la Bourne halafu kama maili 77 mpaka Provincetown, ncha kabisa ya Cape. Kuna pia za siku moja, ikiwemo ya maili 50 inayotoka Wellesley na kurudi Wellesley. Maili zinabadilika kidogo mwaka hadi mwaka.

Ushauri wangu kwa mtu wa mara ya kwanza: Wellesley. Achana na Sturbridge hata kama shemeji yako anakucheka.

Ni mashindano?

Hapana. Hakuna saa, hakuna wa kwanza, hakuna medali. Kuna watu wanaopita kama wamefukuzwa na nyuki, waache wapite.

Kiasi cha chini cha kuchangisha ni ngapi?

Inategemea njia na mwaka, ila jiandae kisaikolojia, ni maelfu ya dola, na za siku mbili ndo kubwa zaidi. Hapa ndo wengi wanaumia kwa sababu hawakusoma: unapojiandikisha unaacha kadi yako, na kama hujafikisha kile kiasi ulichokubali basi salio linakatwa kwako wewe. Sio utani. Ada ya kujiandikisha nayo hairudi na haihesabiki kwenye mchango. Kabla hujabonyeza kitufe soma makubaliano yote, na mume au mke asomee begani.

Habari njema ni kwamba michango inaendelea kupokelewa hata baada ya wikendi yenyewe, kwa hiyo usizimie Agosti ikifika hujamaliza.

Mi sijui matajiri, nitachangisha vipi?

Kuendesha maili 80 ni mazoezi tu, mguu utazoea, kazi yenyewe iko hapa. Na mi huwa nawashangaa watu wetu wanaosema hawajui kuchangisha. Wewe Mtanzania uliyekaa kwenye kamati ya harusi ya binamu yako na kumpigia mtu simu mara sita akamilishe ahadi yake? Wewe Mkenya uliyelelewa kwenye harambee, ada za shule za kijiji kizima, matibabu, misiba? Sisi hii kitu tumezaliwa nayo. Wazungu ndo wanasoma makala za jinsi ya kumuomba rafiki hela, sisi tunajua mpaka nani ataahidi kubwa mbele za watu halafu apotee.

Kwa hiyo fanya kama unavyojua. Tafuta mweka kumbukumbu, mtu mkali asiyeona haya. Andika orodha ya watu wote, kwa majina, usitupe ujumbe mmoja kwenye grupu la watu 200 ukategemea miujiza, kwenye grupu kila mtu anadhani mwingine atatoa. Mwandikie mtu mmoja mmoja, taja kiasi. "Chochote utakachojaliwa" inaleta dola kumi, "naomba unisaidie na 50" inaleta 50 au 30, na asiyeweza atasema. Kanisani omba dakika mbili baada ya matangazo, msikitini ongea na kamati kwanza. Pika. Jumamosi moja ya pilau, sambusa na mishkaki kwenye ukumbi inaweza kuleta zaidi ya mwezi mzima wa kupost. Ila ukumbi wa kukodi ukila nusu ya mapato umefanya kazi ya mwenye ukumbi.

Halafu kazini. Wengi wetu tuko kwenye mahospitali na nyumba za kulea wazee, na waajiri wengi huku wana utaratibu wa kuongezea mchango wa mfanyakazi, ukitoa 100 nao wanatoa 100. Watu wanaacha hela hizo mezani miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyeuliza ofisi ya rasilimali watu. Uliza.

Naweza kupokea kwa Zelle au Cash App, zile app za kutumiana hela, halafu nipeleke mwenyewe?

Usifanye. Kila mtu achangie kwenye ukurasa wako wa PMC, anapata risiti ya kodi kwa jina lake na wewe unalala usingizi. Kwa wazee wanaotoa cash tu, chukua, ingiza siku hiyo hiyo kwa jina la mtoaji na umtumie picha. Jamii zetu ni ndogo, mtu akianza kunong'ona kwamba hela ya watoto wagonjwa imepita mfukoni kwako hutaisafisha tena.

Sasa kwa nini tusipeleke hizo hela nyumbani? Dana-Farber si matajiri tayari?

Hili ndo swali gumu kuliko yote na linaulizwa kila mwaka, kawaida na mtu ambaye hajachangia kokote, lakini bado ni swali la haki.

Ukweli ni huu. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye kansa wanapona. Kwenye nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Ni magonjwa yale yale, na dawa nyingi ni za zamani. Tofauti ni mtoto kuchelewa kugunduliwa, kutibiwa malaria au jino wakati ni kansa, dawa kukosekana, nauli kuisha katikati ya matibabu familia ikarudi kijijini. WHO walianzisha mpango 2018 wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030.

Na nyumbani watu wanafanya kazi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuna Tumaini la Maisha, wanaosaidia watoto wenye kansa watibiwe bure na familia zipate pa kulala karibu na hospitali. Kenya kuna hospitali ya Kenyatta pale Nairobi na ya Moi pale Eldoret. Ukiwatumia hela hao nitakupigia makofi na mimi nitatoa.

Lakini usichanganye. Ukurasa wa PMC ni wa Dana-Farber, ukiwaambia watu wanachangia watoto wa Muhimbili wakati hela inakwenda Boston hapo umewadanganya. Fanya vitu viwili tofauti, kila kimoja na kamati yake. Na mi sioni kama vinagombana, maana utafiti hausimami mpakani. Ile limfoma ya Burkitt inayovimbisha taya la mtoto, daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958 na kilichojifunzwa kwa watoto wa Kampala kimesaidia watoto wa kila mahali. Isitoshe kuna watoto wa kwetu wanaotibiwa hapa hapa Boston, wazazi wao wako kwenye hizi grupu, hawapendi tu kusema.

Nina baiskeli ya Walmart, itafika?

Itafika maili 25. Kwa 80 utajuta. Huhitaji ya dola elfu tano, tafuta ya barabarani iliyotumika, yenye tairi nyembamba na gia zinazoingia bila kelele, na muhimu kuliko vyote iwe saizi yako. Duka la baiskeli wakupimie kimo cha siti, hii tu inaokoa magoti. Na wale mnaosema mlikuwa mnabeba magunia ya mkaa kwenye Phoenix kutoka shamba, heshima kwenu, nguvu mnayo, lakini hiyo ilikuwa miaka ishirini na kilo thelathini zilizopita.

Wiki mbili kabla ipeleke ikaangaliwe breki, cheni na tairi. Beba tyubu mbili, vijiko vya kutolea tairi na pampu ndogo, na ujue kuziba pancha mwenyewe.

Mazoezi nianze lini na wapi?

Theluji ikishayeyuka, Aprili hivi. Anza na maili kumi, ongeza kidogo kila wiki, uwe na siku moja ndefu kwa wiki. Lengo ni kwamba mwezi wa saba uwe umeshaendesha safari kadhaa za maili 50 mpaka 60 bila kufa. Ukifanya siku mbili mfululizo mara chache ndo vizuri zaidi kwa wanaokwenda Provincetown, maana Jumapili asubuhi mwili unauliza maswali.

Kwa watu wa Lowell, ile njia ya Bruce Freeman inaanzia hapo hapo, haina magari. Ayer mpaka Nashua kuna njia ya reli ya zamani nzuri sana, kivuli tupu. Waliopo Cambridge wana Minuteman, Alewife mpaka Bedford, ila wikendi imejaa watoto na mbwa. Lakini msizoee hizo tu, ni tambarare na PMC iko barabarani na magari na vilima. Ongeza barabara za kweli.

Samahani kwa swali, lakini pale kwenye siti panauma sana, ni kawaida?

Usiombe samahani, wote tunauliza, wengine wanauliza inbox. Nunua kaptula ya baiskeli yenye sponji na uivae bila chupi ndani, ndiyo, bila chupi, mshono wa chupi ndo unachubua. Paka mafuta maalum ya msuguano. Dada wanaovaa hijabu na nguo ndefu, vaeni hiyo kaptula ndani na suruali ya kubana chini juu yake, kitambaa kisifikie cheni, na chini ya helmeti vaeni ile hijabu nyepesi ya michezo isiyo na pini.

Nile nini?

Kula kabla hujasikia njaa, kunywa kabla hujasikia kiu. Kuna vituo vya maji njia nzima, kuna ndizi, mikate ya siagi ya karanga, vinywaji vya chumvichumvi, watu wa kujitolea wanakushangilia kama umeshinda uchaguzi. Usiruke kituo kwa sababu unajisikia vizuri, sukari ya mwili inaisha ghafla na ikiisha miguu inakuwa ya mtu mwingine. Na usijaribu chakula kipya siku hiyo. Chapati na chai ya maziwa asubuhi sawa kama umezoea, ugali kilo nzima hapana.

Kanuni za barabarani?

Helmeti muda wote. Hakuna spika za masikioni. Ukimpita mtu mpitie kushoto na umwambie kwa sauti, kwa Kiingereza jamani, nyuma yako hakuna anayejua "napita". Usifunge breki ghafla kwenye kundi, onyesha shimo kwa mkono, ukitaka kusimama toka kabisa barabarani.

Tutawaona watoto wenyewe?

Ndio. Kuna utaratibu ambapo timu inaunganishwa na mtoto anayetibiwa kwenye kliniki ya Jimmy Fund, wanafahamiana mwaka mzima, na Jumamosi njiani, upande wa Lakeville, wengi wanakuja na familia zao kuwaona waendeshaji. Watu wazima wenye ndevu wanalia pale, jiandae.

Ila naomba kitu. Msipige picha mtoto wa mtu mkaweka status bila kumuuliza mzazi, na msimwambie mzazi "mungu ana makusudi yake" wala dawa ya mitishamba iliyomponya shangazi yako. Msalimie mtoto, muulize anapenda timu gani, inatosha.

Nafanya kazi wikendi, nitapataje ruhusa?

Omba mwezi wa kwanza. Agosti kila mtu anataka likizo, na ratiba ikishatoka hakuna msimamizi atakayekuelewa.

Watoto wangu wanataka nao

Kuna PMC Kids Rides, zinafanyika kwenye miji mbalimbali, umbali mdogo, hata wa baiskeli za magurudumu manne wanaendesha. Raha tupu, wanabandikwa namba kifuani wanajiona mabingwa.

Siwezi kuendesha, au nimechelewa kujiandikisha. Kuna nafasi yangu?

Ipo. Watu wa kujitolea wanahitajika kwa maelfu, kugawa maji, kupika, kupakia mizigo, na manesi wetu mnapokelewa kwa mikono miwili kwenye mahema ya huduma ya kwanza. Au simama barabarani na kengele na ngoma upige vigelegele, huamini vigelegele vinasaidia mpaka uvisikie ukiwa kwenye kilima.

Na kama uko mbali na Massachusetts, Ohio au Texas huko, angalia ile Great Cycle Challenge niliyosema. Ni Septemba, mwezi wa kansa ya watoto, unajiwekea maili zako mwenyewe na unaziendesha popote unapotaka, hata kwenye baiskeli ya ndani, huku unachangisha kwa ajili ya Children's Cancer Research Fund.

Nikishafika Provincetown narudije Boston na baiskeli?

Kuna meli ya waendeshaji mpaka Boston na kuna mabasi, baiskeli inapakiwa kwenye malori. Nafasi inawekwa mapema, sio siku ile. Chukua meli kama ipo, na weka sweta kwenye begi kwa sababu upepo wa bahari na jasho lililokauka sio marafiki hata Agosti.